Boti ya pondo kwenye Mto Cam, Cambridge: mapitio kwa mwenyeji mwenye wageni

Ziara ya pamoja ya boti ya pondo, yaani boti inayosukumwa kwa mti mrefu unaogonga chini ya maji, kwenye Mto Cam huchukua dakika 45 hadi 50, hubeba watu wasiozidi 12, na hupita mgongoni mwa koleji saba za Chuo Kikuu cha Cambridge. Hakuna ngazi ndefu za kupanda, hakuna foleni getini. Bibi wa miaka sabini na mjukuu wa miaka saba wanaona kitu kilekile kwa mwendo uleule. Kwa mwenyeji aliyepokea wageni wa rika mchanganyiko, sioni huduma inayoizidi mjini humo. Kasoro ni kwamba wengi huipanda saa mbaya, huinunua kwa mtu wa njiani na huketi mahali pabaya ndani ya boti, kisha hushuka wakinung'unika kwamba wamelipa pauni zao kusikiliza upepo.

Tuanze na chombo chenyewe. Boti ni bapa chini, haina mkuku, haina injini, na ya kawaida ina urefu wa mita 7 na ushei. Mpiga pondo husimama tezi, yaani nyuma kabisa ya boti, juu ya kipande cha sitaha, akiwa na mti wa karibu mita 5 wenye kiatu cha chuma nchani. Aliyewahi kuona mtumbwi ukipigwa pondo kwenye maji haba ya mikokoni ataielewa kazi hii mara moja. Boti za starehe ziliingia Cambridge mwanzoni mwa karne ya 20, na kampuni kongwe kati ya zinazofanya biashara hiyo, Scudamore's, ilianza mwaka 1910. Oxford nao wana boti hizihizi, ila huko msukumaji husimama ndani ya boti na sitaha hutangulia mbele. Ubishi kuhusu nani yuko sahihi hauna mwisho, na mgeni wako hauhitaji.

Mto wenyewe ni mpole kwa sababu umefungwa kotekote. Kusini, penye Mill Pool, kuna kizuizi cha maji. Kaskazini kuna Jesus Lock. Kipande cha kati, kilomita moja na kidogo, kimekaa kama bwawa refu jembamba. Chini katikati kuna changarawe ngumu, na hilo lina historia yake. Kabla ya reli kufika Cambridge mwaka 1845, mizigo ilipita hapa kwa mashua zilizokokotwa na farasi. Koleji hazikutaka njia ya farasi kwenye kingo zao, ndipo likajengwa tuta la changarawe katikati ya mto na farasi wakawa wanatembea majini. Ndiyo maana pondo ikigonga katikati hupata pa kusukumia, na ikigonga pembeni huzama kwenye tope.

Jua ndilo la kupangia siku

Hili ndilo jambo ambalo vipeperushi havilisemi. Koleji za mtoni zimejipanga baina ya mto na mtaa. Mtaa mkuu, King's Parade, uko upande wa mashariki wa majengo. Mto uko magharibi yake. Asubuhi jua huangaza nyuso za mtaani, na ukiwa mtoni saa hiyo unalitazama Kanisa la King's likiwa limelipa jua mgongo, jeusi kama kivuli, na picha zote hutoka na anga jeupe juu ya jengo la giza. Alasiri hugeuka: upande wa mto hupakwa mwanga na mawe ya maktaba ya Trinity huiva rangi ya asali.

Kwa hiyo mpango wa siku unajipanga wenyewe: miguu asubuhi, boti alasiri. Kuna faida ya pili. Mgeni aliyekwisha kupita mbele ya koleji kwa miguu huyatambua majengo anapoyaona tena kwa nyuma, na maelezo ya mpiga pondo huwa na mahali pa kushika. Anayeanzia botini husikia majina saba ya koleji ndani ya nusu saa na kuyasahau yote kabla ya kufika gatini.

Julai na Agosti, epuka kati ya saa tano asubuhi na saa kumi alasiri. Mto hujaa hadi boti hugongana chini ya madaraja, na ziara nzima huwa ni kusubiri familia iliyokodi boti yao bila kujua kuiendesha ijinasue. Kuanzia saa kumi na moja jioni msongamano hupungua na mwanga ni mzuri zaidi, kwani mwishoni mwa Juni jua huzama saa tatu na ushei usiku. Desemba ni kinyume: jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, hivyo boti ya saa nane ndiyo ya mwisho yenye maana. Tiketi huandikwa kwa saa za Kiingereza, 17:00 au 14:00. Mkumbushe mgeni aliyezoea saa zetu, maana aliyesoma 5 akaja saa tano asubuhi atasubiri sana.

Kinachoonekana, kwa mpangilio wake

Ziara zinazoanzia kusini, karibu na Silver Street, huelekea kaskazini kisha hurudi. Zinazoanzia Quayside karibu na Daraja la Magdalene hufanya kinyume. Napendelea kuanzia kusini. Daraja la kwanza la kuvutia hutokea ndani ya dakika chache, na kilele cha ziara hukaa katikati badala ya kuja mwishoni watu wakiwa wameanza kuchungulia simu.

Daraja hilo ni la mbao, la koleji ya Queens', na wengi hulijua kama Daraja la Hisabati. Lilichorwa na William Etheridge na kujengwa na James Essex mwaka 1749, kisha likajengwa upya mwaka 1866 na tena 1905 kwa mchoro uleule. Mbao zake zote zimenyooka. Ni jinsi zilivyopangwa ndiyo inayolifanya lionekane kama upinde. Hapa ndipo pa kumpimia mpiga pondo wako. Ipo hadithi kwamba Isaac Newton alilijenga bila msumari wala bolti, kisha wanafunzi wakalifumua na kushindwa kulirudisha. Newton alifariki mwaka 1727, miaka 22 kabla ya daraja kuwepo, na bolti zinaonekana wazi kwenye maungio ukipita chini yake. Mpiga pondo mzuri huisimulia hadithi hiyo kama utani na kukuonyesha bolti. Akiisimulia kama kweli, furahia mandhari, na tarehe uzitafute mwenyewe baadaye.

Baada ya hapo mto hufunguka. Kushoto kuna malisho ya King's, ambamo ng'ombe huonekana katika miezi ya joto. Kulia, nyuma ya uwanja wa majani, linasimama Kanisa la King's College. Ukilitazama kutoka mtoni, jengo refu jeupe la kulia kwake ni la James Gibbs, lililoanza mwaka 1724, na la kushoto ni ua wa zamani wa Clare. Sehemu ya uwanja huo iliacha kukatwa majani na kupandwa maua ya porini kuanzia 2019, hivyo mwezi Juni kanisa huonekana likiwa juu ya bahari ya maua. Mwambie mpiga pondo mapema kwamba mnataka kusimama hapa. Pengo zuri la picha liko kati ya Daraja la King's na la Clare, na boti hulipita kwa dakika mbili tu kama hakuna aliyesema kitu.

Kanisa lenyewe linastahili kuelezwa vizuri na aghalabu halielezwi. Mfalme Henry VI aliianzisha koleji mwaka 1441 na jiwe la kwanza la kanisa likawekwa 1446. Mwaka 1461 alipinduliwa, fedha zikakatika, kazi ikasimama. Wafalme waliofuata waliiendeleza kwa kusuasua, na paa la mawe lililokunjuka kama pepeo nyingi zilizoshikana, kubwa kuliko yote ya aina yake duniani, lilimalizwa na fundi John Wastell mwaka 1515. Urefu wa kanisa ni mita 88. Kusimama kwa kazi kumebaki kwenye kuta: mawe ya awali ni meupe, ya baadaye yana rangi iliyokolea zaidi. Mtu akishaonyeshwa mara moja, haachi tena kuuona mpaka huo.

Daraja la Clare, la mwaka 1640, ndilo kongwe kuliko yote yaliyobaki juu ya mto huu. Kwenye ukingo wake kuna mawe 14 ya mviringo, na mpiga pondo atakwambia uyahesabu, kisha atakwambia umekosea, kwa kuwa moja limekatwa kipande kama tikiti maji. Sababu zinazotolewa ni nyingi, na kila kampuni ina yake. Daraja linalofuata, Garret Hostel, ni la 1960 na ni la umma. Likumbuke, kwa sababu mtu asiyetaka kulipa boti anaweza kusimama juu yake bure na kuona kusini hadi Clare.

Kisha Trinity. Maktaba ya Wren, iliyochorwa na Christopher Wren na kukamilika mwaka 1695, inaukabili mto. Waangalie wageni wako wakikisia sakafu ya maktaba iko wapi. Kwa nje unaona matao ya chini na madirisha makubwa juu yake, ukadhani sakafu inaanzia pale madirisha yanapoanzia. Wren aliishusha hadi pale matao yanapoanza kujipinda na akayaziba mapengo ya matao kwa mawe. Kwa hiyo ndani madirisha yako juu ya makabati ya vitabu, mwanga hushuka kutoka juu, na kuta zote zimebaki huru kwa rafu. Ndimo inamotunzwa nakala ya Newton mwenyewe ya toleo la kwanza la kitabu chake kikuu, ikiwa na masahihisho ya mkono wake. Maktaba hufunguliwa kwa wageni kwa saa chache tu, hivyo angalia kwanza.

Mwisho ni St John's, iliyoanzishwa 1511, yenye madaraja mawili yanayotazamana. Lenye paa, lililochorwa na Henry Hutchinson mwaka 1831, limepewa jina la Daraja la Mahuzuno la Venice, ingawa kinachofanana ni paa tu. Chini yake sauti hurudi, boti huingia kivulini, na watoto hupiga kelele, waache wapige. Wanafunzi wa utani waliwahi kuning'iniza gari chini ya daraja hili katika miaka ya 1960, na hii ni hadithi ya kweli. Jambo jingine ambalo mgeni kutoka Kenya atalifurahia: Louis Leakey, mtafiti wa masalia ya binadamu wa kale na mzaliwa wa Kabete, alisoma koleji hii. Muulize mpiga pondo kama anamjua. Baada ya St John's kuna Magdalene, majumba yanayogusa maji, na daraja la chuma la 1823. Ziara fupi hugeuza hapo.

Ketini wapi

Mpiga pondo yuko tezi. Boti ina mita saba. Anayeketi omo, mbele kabisa, anaona vizuri na hasikii kitu, hasa upepo ukivuma au boti nyingine ikipita na msimulizi wake. Mzee asiyesikia vizuri, na yeyote ambaye Kiingereza chake ni cha kubahatisha, aketi viti viwili vya mwisho, karibu na miguu ya mpiga pondo. Watoto na wapiga picha waende mbele. Kuelekea kaskazini, majengo mengi ya kutazama yako kulia. Wakati wa kurudi yako kushoto. Hivyo hakuna upande wa kupigania, isipokuwa kama boti itarudi kasi kwa kuchelewa, na hilo hutokea siku zenye msongamano.

Viti viko chini sana, karibu usawa wa sakafu, vyenye mito na egemeo. Mwenye magoti mabovu huingia bila shida na kutoka kwa taabu. Mtu wa namna hiyo aingie wa mwisho na atoke wa kwanza, boti ikiwa imefungwa kwa kamba pande zote mbili na mpiga pondo ameishika. Akanyage katikati ya sakafu, asikanyage ukingo. Aketi kwanza, ageuke baadaye. Wanaokwama ni wale wanaosimama kwa mguu mmoja gatini na mwingine botini huku wakitafuta simu. Kwa kiti cha magurudumu, wasiliana na kampuni siku kadhaa kabla, maana si kila gati lina njia isiyo na ngazi. Maboya ya kuvaa huombwa gatini kabla ya kuondoka. Mwombee mtoto bila kuona haya.

Na mikono ibaki ndani ya boti. Boti mbili zikigusana ubavu kwa ubavu, vidole vilivyoshika ukingo ndivyo vinavyoumia. Usijaribu kuisukuma boti nyingine kwa kiganja. Hiyo ni kazi ya mpiga pondo.

Ya pamoja, ya peke yenu, au ya kujiendeshea

Ziara ya pamoja kwa mtu mzima kwa kawaida huangukia kati ya pauni 20 na 35, kutegemea msimu, siku na saa, na mara nyingi huwa nafuu ukinunua mtandaoni kabla. Boti nzima ya peke yenu huzidi pauni 100. Fanya hesabu kabla ya kudhani kwamba ya peke yenu ni anasa. Mkiwa sita au zaidi tofauti hupungua sana, na mnachopata ni kikubwa: mnasimama mtakapo, mtu mmoja anaweza kuwatafsiria wazee kwa Kiswahili bila kuwakera wengine, na mtoto akilia ni wa kwenu. Kwa watu wawili au watatu, ya pamoja inatosha.

Kukodi na kujiendeshea hulipiwa kwa saa, kwa kawaida na amana, na boti hubeba hadi watu sita. Huu si utalii wa majengo. Ni mchezo, na majengo hupita nyuma yako wakati unapambana na ukingo. Wageni vijana wataufurahia. Mama mkwe hataufurahia. Ukishaamua, mbinu ni hii. Simama tezi, miguu imetulia, ubavu ukielekea unakokwenda. Inua pondo wima, mkono juu ya mkono, hadi ncha itoke majini. Iachie idondoke wima kando kabisa ya boti, ikiteleza ndani ya viganja. Uzito wake unatosha, usiichome. Ikigonga chini, sukuma huku mikono ikiipanda mpaka mwisho wake. Kabla ya kuitoa izungushe kidogo ili ncha iachane na tope, kisha iache ielee nyuma yako kwa muda. Huo ndio usukani: ncha ikipelekwa kushoto, boti hugeukia kushoto.

Makosa ni yaleyale kila siku. Pondo ikidondoshwa mbali na boti au kwa mshazari, boti huzunguka badala ya kwenda mbele. Anayevuta haraka kabla ya kumaliza kusukuma huchoka ndani ya dakika kumi na hajafika King's. Anayeinua pondo chini ya daraja huigonga kwenye tao na kupoteza mizani. Ukikaribia daraja, sukuma mara ya mwisho, laza pondo nyuma, inama, pita. Kubwa kuliko yote ni pondo kunasa. Boti inaendelea kwenda, pondo imebaki, na mtu kati yao ana nusu sekunde ya kuchagua. Achia pondo. Ndani ya boti kuna kafi. Rudini nayo kwa kafi mkaichukue. Wanaong'ang'ania ndio wale wanaopigwa picha na abiria wa boti nyingine. Kaeni upande wa kulia wa mto, na wekeni simu ya msukumaji kwa mtu aliyeketi.

Kwa mgeni anayekuja mara ya pili, upo mto wa juu, ng'ambo ya kizuizi cha Mill Pool, unaoelekea kijiji cha Grantchester, yapata kilomita tatu. Huko hakuna koleji hata moja, ni malisho, mierebi na ndege. Tenga nusu siku.

Wapiga debe

King's Parade kwenye miezi ya joto wamekuwa wakisimama vijana wenye ubao wa picha na bei inayoshuka kila ukipiga hatua. Mwaka 2016 baraza la mji lilipiga marufuku kuuza ziara za boti mitaani katikati ya mji nje ya vituo vilivyoruhusiwa. Anayekufuata na bei ya "leo tu" basi yuko nje ya utaratibu, na hujui boti yake iko wapi, ina bima gani wala nani utamdai ikichelewa. Tembea dakika tano hadi kituoni, Silver Street au Quayside, uone boti, uone bei ubaoni. Ukitaka kujadili bei, asubuhi ya siku ya kazi isiyo ya likizo ndiyo yenye nafasi. Jumamosi ya Agosti huna cha kujadili.

Uliza mambo matatu kabla ya kulipa: ziara inageuzia daraja gani, boti itaondoka na watu wangapi, na mvua ikinyesha itakuwaje. La kwanza ni muhimu kwa sababu ziara iliyofupishwa siku za msongamano inaweza kugeuzia kabla ya St John's, na hapo umepoteza robo ya ulichonunua. Kuhusu mvua, manyunyu hayasimamishi ziara. Utapewa mwavuli au blanketi na kuendelea, na mto wenye manyunyu na bila watu si mbaya hata kidogo. Kinachosimamisha ni mvua kubwa ya siku kadhaa, mkondo unapopata nguvu. Hapo kampuni huahirisha, na masharti ya kurudishiwa fedha hutofautiana, kwa hiyo yasome.

Asubuhi ya miguu

Treni ya haraka kutoka King's Cross, London, huchukua kama dakika 50, lakini stesheni ya Cambridge iko karibu kilomita mbili kutoka katikati. Wazee wapande basi. Wasianze siku wakiwa wamechoka.

Anzia kona ya Bene't Street, kwenye saa ya dhahabu ya Corpus Christi iliyozinduliwa na Stephen Hawking mwaka 2008. Juu yake yumo mdudu anayekula dakika, na saa yenyewe husema kweli kila baada ya dakika tano tu. Hatua chache ndani ya mtaa huo kuna mnara wa kanisa la St Bene't, wa karne ya 11, na baa ya The Eagle, ambako Francis Crick alitangaza Februari 1953 kwamba wamegundua siri ya uhai, akimaanisha umbo la DNA alilolifumbua pamoja na James Watson. Kutoka hapo fuata King's Parade kuelekea kaskazini. Mwenye miguu ya ujana apande mnara wa Great St Mary's, ngazi 123 nyembamba za kuzunguka. Wengine wabaki chini sokoni. Malizia lango kuu la Trinity: Henry VIII juu ya lango ameshika mguu wa kiti badala ya fimbo ya kifalme, na kwenye kipande cha majani kulia kwa lango kuna mtofaa uliotokana na ule wa nyumbani kwa Newton. Njia yote haifiki kilomita moja. Itembeeni kwa saa mbili, na kila penye benchi mketi.

Mkitaka kuongozwa, tafuteni mwongoza watalii mwenye beji ya kijani au ya buluu. Hao wamefanyiwa mtihani, na baadhi ya koleji haziruhusu makundi kuingia bila wao. Ziara za "bure" zinazoishia na kofia ya bakshishi zina wasimulizi wachangamfu, ila mara nyingi hubaki nje ya malango. Wazee wetu waliofanya mtihani wa Cambridge School Certificate hupenda kuingia ndani walau ua mmoja, kwa hiyo tengeni fedha za Kanisa la King's na nunueni tiketi mapema. Jumba la makumbusho la Fitzwilliam halina kiingilio, lakini Jumatatu hufungwa.

Angalizo la kalenda: kuanzia Aprili hadi katikati ya Juni ni msimu wa mitihani na koleji nyingi huwafungia wageni milango. Mto haufungwi. Miezi hiyo boti hupanda thamani, kwa sababu ndiyo njia pekee ya kuziona nyua na bustani kwa karibu.

Muhula ukiendelea, Oktoba na Novemba hasa, ipo njia ya kumalizia siku isiyogharimu kitu. Ibada ya jioni ya King's, yenye kwaya, ni bure na wazi kwa wote, kwa kawaida saa kumi na moja na nusu jioni. Chukueni boti ya saa nane au saa tisa, mpashe mikono moto mahali kwa chai, kisha mpange foleni langoni nusu saa kabla. Vaeni nzito mara mbili ya mlivyopanga: kukaa dakika 50 usawa wa maji ya Novemba bila kusogea kunaingia mifupani hata kwa aliyezoea baridi ya Uingereza. Choo hakipo botini, kwa hiyo wote waende kabla. Bakshishi kwa mpiga pondo si lazima. Aliyewasimamisha kati ya King's na Clare bila kukumbushwa, mpe.